Ramani ya Akina Vaudrelin

Mikate yetu yote ilikuwa imelazwa chali. Ilikuwa mikubwa, ya mviringo, ya kutosha watu sitini na kitu, imepangwa kwenye rafu nyuma ya mama mwenye duka, matumbo yake meupe kwa unga yakitazama dari. Mikate ya wateja wengine, kwenye rafu ya pembeni, ilikaa kama mikate inavyokaa popote.

Baba hakuona kitu. Alisimama mbele ya kaunta, kofia mkononi, anatabasamu kama bwana harusi.

"Ni ya jina gani?" mama mwenye duka akauliza, na alikuwa anajua fika.

"Vaudrelin," Baba akajibu, kwa ile sauti aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya kanisani. "Wa hapahapa Montérel, mama. Ndiyo kwanza tunarudi nyumbani."

Wanawake wawili waliokuwa kwenye foleni nyuma yetu wakasogea hadi dirishani, wakaanza kutazama barabara ambayo haikuwa na kitu cha kutazama ila ukungu. Mama mwenye duka hakutukabidhi mikate mkononi. Aliipanga vikapuni huku kaugeuza uso, kisha akatusukumia vikapu kwa ule ubao mrefu wa kutolea mikate tanurini.

"Watu wa huku wana haya," Baba akaniambia tulipotoka nje. "Wamezidiwa na furaha."

Mimi si mtu wa kuogopa ndege weusi wala ngazi zilizoegemezwa ukutani. Lakini tumboni nilikuwa na mimba ya miezi minane, na mtoto, ambaye asubuhi nzima alikuwa akinipiga mateke, alitulia ghafla. Nikashika kikapu changu, nikajikausha.

Huenda nami nisingeona kitu, kama si mama mkwe. Nyumbani kwetu mkate ulilazwa chali siku zote. Shangazi Hortense, dada yake Baba, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na ndivyo alivyouweka mezani, nikakua nikidhani Ufaransa nzima inauweka hivyo. Jumapili ya kwanza Ghislain, mume wangu, aliponipeleka kwao, nikapokea mkate, nikaulaza kama nilivyozoea. Mama yake aliruka kana kwamba nimeweka nyoka mezani.

"Mungu wangu! Binti, unatuitia nini humu ndani?"

Akaugeuza upesi, akauchora msalaba kwa ncha ya kisu. Nilipomuuliza kuna ubaya gani, akasema hajui, ila haifanywi, hata bibi yake alikuwa haruhusu. Ghislain alicheka mpaka machozi. Nami nilicheka, lakini tangu siku ile nilikuwa najua kuwa mkate wa chali ni wa kwetu, si wa watu.

Tulikuwa tumekuja Montérel kwa sababu ya ramani. Baba, Anselme Vaudrelin, alifanya kazi ya posta maisha yake yote, na mtu anayegawa barua hujua ni majina gani yamejaa mtaani na ni yapi hayana mwenzake. La kwetu halikuwa na mwenzake. Alipostaafu akabandika ramani ya Ufaransa kwenye ukuta wa chumba cha kulia, akaanza kuwatafuta akina Vaudrelin wote, walio hai na waliokufa, na kila alipopata familia, alichoma pini nyekundu. Alisafiri hadi kwenye makaburi, alipiga simu kwa watu asiowajua, alivumilia matusi ya vikongwe waliodhani anauza bima. Kwa hesabu yake tulikuwa hatufiki sabini nchi nzima.

Ajabu ilikuwa jinsi pini zilivyokaa. Majina mengine adimu hujazana bonde moja, kama mbegu zilizoangukia chini ya mti. La kwetu lilikuwa limetawanyika. Pini moja Bourges, moja Autun, moja Sens, moja Auxerre, moja Moulins. Kila mji familia moja, kamwe si mbili. Na kila mara mji wenyewe ulikuwa mji mkubwa wa zamani, wenye kuta na mahakama. Halafu akagundua kuwa zamani akina Vaudrelin walioana na koo tatu tu, zilezile, kizazi baada ya kizazi, hata kama bibi harusi alitoka safari ya siku kadhaa kwa farasi.

"Makapteni wa mfalme," Baba alihitimisha. "Kila mji uliwekewa mmoja wa kuulinda. Na watu wa daraja ile hawaoi ovyo."

"Au walikuwa wanauza sabuni," Ghislain akasema. "Mji mmoja, muuza sabuni mmoja."

"Nyamaza wewe, Petit. Jina lenu limejaa kila mtaa, nikitupa jiwe dirishani nampiga Petit, likidunda nampiga mwingine."

Ndivyo walivyopendana, kwa kutaniana. Lakini chini ya utani kulikuwa na jambo ambalo Baba hakulitania. Yeye alikuwa na binti mmoja. Binamu zake waliobaki walikuwa wazee, au wanawake walioolewa, au mapadri. Sheria ilikuwa imebadilika, mama naye aliweza kumpa mtoto jina la ukoo wake, na siku nilipomwambia nina mimba, kabla hajanikumbatia, aliniuliza kama mtoto ataitwa Vaudrelin. Ghislain akainua mabega, akasema wako Petit wa kutosha kujaza dunia. Nikakubali. Baba alilia pale mezani, waziwazi, bila kujifuta.

Kisha akachapisha tangazo magazetini: Vaudrelin wote wakutane Montérel, Jumapili ya pili ya Oktoba, mahali ambapo jina lilianzia. Wafaransa tunapenda sana mikusanyiko hii ya ukoo, watu wasiojuana wanakula nyama ya sungura pamoja na kutafuta pua zinazofanana. Katika mkusanyiko huo nilipaswa kusimama mbele ya watu na kutangaza jina la mtoto.

Nyumba tuliyokodi kwa sherehe ndiyo ileile ambayo Baba aliigundua kuwa ya kwetu. Ilikuwa nje ya ukuta wa mji, chini kabisa, karibu na mto. Haikuwa na dirisha hata moja upande wa mji. Mlango, madirisha, kibaraza, vyote vilitazama maji. Chokaa ilipobanduka ukutani, chini yake rangi ilikuwa nyekundu, nyekundu ya kale iliyoingia ndani ya jiwe.

"Rangi ya mfalme," Baba akasema, akipapasa ukuta kwa kiganja.

Nilimgeukia Shangazi Hortense. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni na koti lake hajalivua, mikono imelala mapajani. Mikono ile ilikuwa maarufu mtaani kwetu. Watu walioteguka bega, kifundo, kidole, walikuja kwake kabla ya kwenda kwa daktari, naye alishika, akafumba macho, akasukuma, na mfupa ukarudi. Wote walipitia mlango wa nyuma. Hilo nalo nililiona la kawaida. Siku zile vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, na kazi ile alikuwa ameiacha.

"Shangazi, wametuwekea mikate chali dukani."

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonitisha.

"Basi bado wanakumbuka," akasema. "Lete vitunguu, tuvimenye."

"Wanakumbuka nini?"

"Apolline, una mtoto tumboni. Menya vitunguu."

Wageni waliwasili Jumapili asubuhi, na kwa saa chache nilisahau. Walikuwa watu wazuri, wenye makelele. Mmoja alikuwa daktari wa meno kutoka Sens, mwingine anafuga bata, bibi mmoja alikuja na mbwa aliyevaa sweta. Walishikana mikono, walilinganisha masikio. Baba alipita katikati yao na ramani yake aliyoikunja kwapani, akirudia habari za makapteni, na kila alipoisimulia ilizidi kunoga. Juu yetu, kwenye ukuta wa mji, watu wa Montérel walikuwa wamesimama. Hawakuja karibu, hawakupunga mkono. Walisimama tu wakitutazama, kama watu wanavyotazama mto unaopanda.

Muda mfupi kabla ya hotuba, mlango wa nyuma wa jikoni ukagongwa. Nikafungua. Alikuwa mama mwenye duka la mikate, na nyuma yake mumewe, mtu mnene, uso wa kijivu, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Bega lilikuwa limetoka. Alikuwa ameinua gunia la unga vibaya.

"Daktari wa zamu yuko mbali," mwanamke akasema, akiongea na kizingiti. "Nimesikia yule bibi... nimesikia kwenu mnaweza bado."

"Mwingize," Shangazi akasema kutoka ndani.

Wakaingia. Mwoka mikate alikaa kwenye kiti akitazama sakafu, jasho linamtiririka. Shangazi akainua mikono yake iliyopinda, akaitazama, akaishusha.

"Mimi siwezi tena. Apolline, njoo."

"Mimi? Sijawahi hata siku moja."

"Njoo."

Sijui nieleze vipi kilichofuata bila kuonekana natia chumvi. Niliweka kiganja juu ya bega la yule mtu, na papo hapo nikajua kila kitu kilicho chini ya ngozi. Nilijua mfupa umekaa wapi, unataka kwenda wapi, na ni msuli upi unaoukatalia. Nikafumba macho bila kuambiwa. Nikavuta, nikazungusha, nikasukuma, na mfupa ukaingia mahali pake kwa mlio mdogo. Mtu akapiga ukelele, kisha akapumua. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha. Raha tamu, ya mwili mzima. Nilitamani kushika tena.

Nilipofumbua macho, mwanamke alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani.

"Damu haipotei," akanong'ona.

"Damu gani?" nikamwuliza. "Semeni! Tangu jana mnatugeuzia migongo. Tumewafanya nini?"

Mumewe ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa hasira. Alikuwa amechoka.

"Hii ni nyumba ya mnyongaji, bibie, ilipakwa nyekundu ili ijulikane. Hamjui? Wa kwenu walikata vichwa pale sokoni, vizazi na vizazi. Babu wa babu yangu kichwa chake kilikatwa na Vaudrelin, asubuhi, kwa sababu ya kondoo na mtu aliyekufa katika ugomvi. Jioni yuleyule Vaudrelin akaja dukani kwetu kununua mkate. Utafanyaje? Ni mteja. Lakini mkate wake uliwekwa kando, umelazwa chali, ili mtu mwingine asije akaushika kwa makosa. Tuliuweka hivyo mpaka Vaudrelin wa mwisho alipoondoka. Jana mke wangu alipopanga mikate ya jina lile, mikono yake ikafanya yenyewe."

"Kila mji ulikuwa na mmoja," Shangazi Hortense akasema, kwa upole, kana kwamba ananifundisha kusoma. "Wawili wa nini? Na nani angempa binti yake mnyongaji, ila mnyongaji mwenzake? Mtu anayejua mwili unavyofunguka, mwanangu, anajua pia unavyofungwa. Mchana watu waliwakimbia, jioni waliwaletea mifupa yao. Kwa mlango wa nyuma."

Nikageuka. Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, ramani kwapani. Alikuwa amekuja kuniita.

Alimtazama dada yake, na nikaona anajibiwa maswali ya miaka yote bila neno kusemwa. Yule mwoka mikate akainuka, akalijaribu bega lake. Nilimnyooshea mkono. Aliutazama, akautazama sana, kisha akatoka na mkewe kwa mlango walioingilia.

Nje wageni walikuwa wakigonga glasi kwa visu, wakimwita Anselme, Anselme. Baba akatoka kibarazani. Nikamfuata. Watu wakageuka kumsikiliza. Alitoa hotuba yake mfukoni, akavaa miwani, akaitazama muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kusoma mstari mmoja.

"Ndugu zangu," akasema, "chakula kinapoa. Tuleni."

Wakapiga makofi, wakidhani ni mzaha. Jina la mtoto sikulitangaza, na yeye hakunikumbusha.

Baba aliongea garini, tukirudi, Ghislain akiendesha. Shangazi alikuwa amesinzia, au amejifanya.

"Wewe Hortense hukuniambia," Baba akaanza, kwa sauti ndogo, kisha akaacha. Akanigeukia mimi. "Nimezunguka nchi nzima natafuta watu wa kujivunia, Apolline. Nimepata watu wa kuhurumia. Unadhani kuna aliyewauliza kama wanaitaka kazi? Mji uliitaka ifanyike, halafu ukaogopa kula nao. Hakuna aliyecheza na watoto wao. Sasa ndiyo wanatuhitaji. Mpe mtoto jina."

"Hapana, Baba."

"Nani anajua siku hizi? Montérel peke yake."

"Mimi najua. Niliwaona wale watu pale juu. Umewaona walivyotutazama? Sitaki mwanangu atazamwe hivyo, hata mara moja."

"Na sisi tukiwatupa, tutabaki na tofauti gani na mwenye duka?"

Nilikuwa na hofu tu, na mikono yangu miwili nimeikalia, kwa sababu ilikuwa bado inataka kushika kitu. Sikuwaambia hilo, si yeye wala Ghislain.

Binti yangu alizaliwa Novemba. Karani wa hospitali alipokuja kitandani, Ghislain akanitazama, akasema, "Wewe uamue." Nikasema Petit. Bérénice Petit. Nikaona kalamu ikienda, na moyo wangu ukatulia kama mtu aliyefunga mlango na kusukuma komeo.

Baba alikuja mchana na sungura wa kitambaa. Akaukamata mkono wa mtoto, akavaa miwani, akasoma utepe uliofungwa kifundoni.

"Jina zuri," akasema. "Hatapotea njiani. Wako wengi."

Hakuwahi kunilaumu. Angenilaumu ingekuwa afadhali. Nilipokwenda kwao mwezi uliofuata, pini zote zilikuwa zimetolewa ukutani na ramani imebaki na matundu. Alifariki majira ya baridi ya mwaka wa pili, usingizini, Shangazi akamfuata kabla ya Pasaka. Nadhani Baba nilimuua kidogo. Lakini kila nilipomtazama Bérénice akikimbia na wenzake, mtoto miongoni mwa watoto, asiye na alama, nilijiambia kuwa bei ilikuwa halali. Mimi mwenyewe sikumgusa tena mtu aliyeteguka. Binti yangu sikumfundisha chochote, wala sikumsimulia chochote. Kwetu mkate ulikaa kama kwa watu.

Alikuwa na miaka tisa mwalimu wake aliponipigia simu. Aliongea haraka haraka, akirudia kuwa hakuna tatizo, hakuna tatizo kabisa. Mtoto mmoja alikuwa ameanguka kutoka kwenye ukuta wa uwanja wa shule, kiwiko kikatoka, mkono umekaa vibaya hata walimu walishindwa kutazama. Kabla mtu hajafika, Bérénice alikuwa ameukamata, amefumba macho, ameurudisha. Hospitali wamesema umekaa sawasawa.

"Ni ajabu tu, Bi Petit," mwalimu akasema. "Alikuwa anatabasamu. Nani amemfundisha?"

Nilisema kuwa sijui.

Majuma kadhaa baadaye nilikwenda kumchukua mapema, siku ya baridi kali, na nikawakuta wakitoka kwenda kula. Hutoka wawili wawili, wameshikana mikono, ndiyo kanuni ya shule. Wa mwisho alikuwa Bérénice, peke yake. Mbele yake watoto wawili walikuwa wamejibana na mwenzao, wakaenda watatu, ili asibaki mtu wa kumshika. Mwalimu alikuwa mbele, anazungumza na mtu.

Tulipofika kona ya barabara akasimama, akaitoa mikono yake mfukoni, akainusa mmoja, kisha wa pili.

"Mama, mikono yangu inanuka?"

"Hapana," nikamwambia, na kabla sijaushika mkono wake, nikavua glavu zangu.